Kifurushi cha Debian cha programu ya chumba cha eksirei: nimekwama kwenye picha za majaribio

fundi_magharibi

Habari wakuu. Mimi ni fundi kompyuta kwenye hospitali moja ya wilaya, kanda ya magharibi, Tanzania. Chumba chetu cha eksirei kinatunza picha kwenye Orthanc, ile seva huria ya DICOM (muundo wa kuhifadhi na kutuma picha za hospitali) iliyoanzia Liège, Ubelgiji, mwaka 2012. Kuipata kwenye Debian, mfumo endeshi huria tunaoutumia, ilikuwa amri moja tu, apt install orthanc, na mpaka leo inapiga kazi kwenye kompyuta ya zamani ya RAM GB 4.

Nimeandika kiprogramu cha Python, mistari kama 900. Kila jioni kinaiuliza Orthanc kupitia mlango 8042 picha gani zimeingia, kinachapa orodha ya wagonjwa ambao picha zao hazijasomwa na daktari. Hospitali mbili jirani wakakipenda, nikawapa faili la .deb, yaani kifurushi cha kusakinisha kwenye Debian, nililolifunga mwenyewe kwa dpkg-deb.

Kosa langu liko hapa. Faili la mipangilio nililiweka ndani ya /usr/lib, pamoja na mafaili ya programu yenyewe ambayo toleo jipya huyaandika upya. Wenzetu wa hospitali ya pili waliposakinisha toleo jipya, mipangilio yao yote ikafutwa kimyakimya. Siku mbili orodha ikatoka tupu, wakadhani hakuna picha inayosubiri. Mama mmoja aliyevunjika mguu alirudi nyumbani picha yake haijaguswa. Hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana sasa nataka kifurushi kiingie Debian yenyewe, kipite kwenye macho ya watu wanaojua.

Nimekwama mambo mawili. Pip, kile chombo cha kushusha maktaba za Python, inakataa kushusha maktaba wakati wa kujenga. Pia folda ya majaribio ina picha 14 za DICOM, na sijui kwenye debian/copyright, faili la kutaja leseni, niziandikie leseni gani. Nilitaka kuandika GPL, leseni ya programu huria, kama ya msimbo wangu. Naombeni msaada.

kibodi_kavu

Pole mkuu. Kwa hospitali tatu mimi ningefungua hazina yangu mwenyewe ya vifurushi vya apt, niisaini kwa ufunguo wangu, basi. Debian kila kifurushi kipya kinasubiri foleni ya NEW, na pale mtu anakisoma kwa macho. Unaweza kungoja sana.

dada_wa_vifurushi

Kungoja ni kweli, lakini huyo anayesoma kwa macho ndiye anayekufaa. Nimefunga vifurushi vichache kwa ajili ya Debian Med, mradi wa programu za tiba ndani ya Debian, ulioanzishwa na Andreas Tille mwaka 2002, nami nakushauri uende huko moja kwa moja. Fungua ripoti ya ITP (Intent to Package) kutangaza nia yako ya kufunga kifurushi, kisha waandikie wanatimu. Watakukosoa, na watakutafutia mwenye haki ya kupakia akupakilie.

Pip haitakubaliwa kamwe. Kifurushi cha Debian hujengwa bila kugusa intaneti, ili hata mtu asiye na bando aweze kukijenga upya kutoka kwenye chanzo, na kisije kikabadilika kwa sababu mtu wa mbali kabadilisha maktaba yake. Kwenye debian/control, faili linaloorodhesha vifurushi ambavyo chako kinavihitaji, taja python3-pydicom na python3-requests, zote zipo tayari. Mipangilio ihamie /etc. Faili lililosakinishwa huko huhesabiwa kuwa mali ya mwenye mashine: akishalibadilisha, dpkg, kisakinishi cha Debian, humuuliza kabla ya kuligusa. Yaliyompata yule mama yasingetokea.

Sasa picha. Usiandike GPL. Leseni unaitoa kwa kitu ulichokitengeneza wewe. Hizo picha 14 umezitoa wapi? Kabla hujanijibu, ingia kwenye hiyo folda uandike amri hii ya kusoma maelezo yaliyomo ndani ya mafaili:

dcmdump +P 0010,0010 *.dcm

Sehemu 0010,0010 ndipo DICOM inapoweka jina la mgonjwa. Angalia na 0010,0020, namba yake, na 0010,0030, tarehe ya kuzaliwa.

fundi_magharibi

Dada, nimeendesha. Picha 11 hazina jina, nilikuwa nimezisafisha. Tatu zina majina kamili. Mojawapo ni ya kifua cha mtoto wa miaka sita, na familia yake naijua, tunakaa mtaa mmoja. Msimbo huu niliuweka wazi mtandaoni miezi minne iliyopita. Nafuta hizo tatu sasa hivi.

dada_wa_vifurushi

Ngoja, kufuta peke yake hakutoshi. Git, chombo kinachotunza matoleo ya msimbo wako, inatunza historia, mtu akirudi nyuma anazikuta. Funga ghala la msimbo huko mtandaoni lisionekane kwanza, kisha tumia git filter-repo kuiondoa folda nzima kwenye historia yote. Ondoa na zile 11. Kwenye ultrasaundi jina mara nyingi limechorwa juu ya picha yenyewe, wala dcmdump haitakuonyesha. Hata ingekuwa safi, mgonjwa hakukubali kifua chake kizunguke dunia nzima kwenye seva za Debian.

Tengeneza picha za bandia kwa pydicom. Mimi natumia mraba wa kijivu, pikseli 64 kwa 64, jina MAJARIBIO^MMOJA. Programu yako inasoma orodha tu, haitambui mfupa, kwa hiyo zinatosha kabisa. Leseni yake utaiandika bila wasiwasi kwa sababu umezichora wewe.

Na lipo ambalo hakuna amri italifanya. Huwezi kujua nani alishanakili. Wakubwa wako lazima wajue. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni nyeti.

kibodi_kavu

Nafuta ushauri wangu wa kwanza. Kwenye hazina yangu mwenyewe hakuna ambaye angeniuliza picha nimezitoa wapi.

fundi_magharibi

Ghala nimelifunga, historia imesafishwa, nimeikagua toleo kwa toleo. Picha mpya ni sita, zote za kijivu, na majaribio yanapita bila intaneti. Mipangilio iko /etc. ITP nitaituma wiki hii, lakini si leo. Kesho saa mbili asubuhi naonana na mganga mfawidhi, halafu naomba twende wote kwa wazazi wa yule mtoto.