1 Wakorintho 9:9: je, Paulo aliifuta sheria ya ng'ombe apuraye nafaka?

Mwalimu_wa_zamu
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina vipindi viwili vya darasa la Biblia la watu wazima, dakika 45 kila kimoja, na mada ni wajibu wa Mkristo kwa wanyama. Wengi darasani wanafuga. Kinachonikwamisha ni hiki: Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, halafu Paulo katika 1 Wakorintho 9:9 anauliza kama kweli Mungu anaangalia mambo ya ng'ombe, na anaigeuza sheria hiyo kuwa hoja ya riziki ya wahubiri. Mtu akisimama akasema "basi ng'ombe hahusiki tena", nimjibu nini? Na nikishamjibu, niwape nini cha kwenda kufanya zizini? "Tuwapende wanyama" haijazi hata dakika kumi.

Nira
Amina. Ndugu, Paulo hakufuta kitu. Anajenga hoja ya kutoka dogo kwenda kubwa: ikiwa ng'ombe ana haki ya kula kutokana na kazi anayoifanya, mhubiri je? Ukimnyang'anya ng'ombe haki yake, Paulo hana tena pa kukanyaga. Yesu anafanya vilevile Luka 13:15-16. Kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake siku ya sabato akampeleka kunywa. Je, huyu mama aliyefungwa miaka 18 asifunguliwe? Hakuna aliyeondoka pale akidhani punda asinyweshwe. Na shomoro wa Mathayo 10:29-31 ni hivyo hivyo: sisi ni bora kuliko wao, lakini hata mmoja haanguki Baba asijue.

Mwambie huyo atakayesimama asome mistari mitatu ya juu yake. Kumbukumbu la Torati 25:1-3 inaweka kikomo cha viboko 40 kwa mtu aliyehukumiwa, asije akadharauliwa. Mstari unaofuata ndio wa ng'ombe. Wapo wanaosema mpangilio huo unaonyesha kwamba ng'ombe ni fumbo tu la binadamu. Mimi naona sura inamfunga breki mwenye fimbo, awe amesimama mbele ya mtu au mbele ya mnyama.

Kitu kimoja cha kuangalia: ukifungua somo kwa Mwanzo 1:28, "mkatawale", usiishie hapo. Kitenzi cha Kiebrania ni *radah*, na ndicho hicho hicho Ezekieli 34:4 inachotumia kuwakemea wachungaji waliolitawala kundi kwa ukali huku wagonjwa hawatibiwi na waliovunjika hawafungwi. Kwa hiyo Biblia yenyewe inakubali kwamba mtu anaweza kutawala vibaya, na inataja dalili zake. Hizo dalili zitoshe kwa maswali ya kipindi cha kwanza.

BwanaMifugo
Naongezea upande wa zizi, maana sheria hizi ziliandikwa kwa watu waliomjua mnyama.

Ng'ombe wa kupura huzunguka juu ya miganda saa nyingi, harufu ya nafaka iko puani. Mwenye mali humfunga kinywa ili asipoteze nafaka. Lakini msiende mkafundisha kwamba kumfungua kinywa ni kumwachia ale apendavyo! Ng'ombe aliyezoea nyasi akifakamia nafaka ghafla, ile nafaka huchacha haraka katika tumbo la kwanza, tindikali hupanda, anaacha kucheua, anaharisha, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kinga yake ni kumlisha malisho makavu na kumnywesha kabla ya kazi. Aliyeshiba hudonoa kidogo akiendelea kuzunguka. Anayefakamia ni yule aliyeletwa kazini na njaa, kwa hiyo ukiona inabidi umfunge kinywa, kosa lilianza asubuhi.

Mapumziko nayo (Kutoka 23:12). Ng'ombe anahitaji saa 6 hadi 8 za kucheua kila siku, na hucheua vizuri akiwa amelala. Ukimfanyisha kazi kwa muda wa saa 10, hata ukimjazia majani usiku hakosi kukonda, kwa sababu chakula kimeingia lakini muda wa kukisaga haukuwepo. Saa 4 hadi 6 za jembe zinatosha, nyingi ziwe asubuhi. Maji lita 30 hadi 50 kwa siku kwa aliyekomaa, na zaidi kukiwa na joto.

Kumbukumbu la Torati 22:10, kutolima kwa ng'ombe na punda pamoja: ng'ombe husukuma nira kwa shingo na mabega. Punda ana shingo nyembamba na nguvu yake hutoka kifuani, hivyo anahitaji mkanda wa kifuani. Mkiwafunga nira moja, inakaa upande, inamsugua punda hadi kidonda, na hatua zao hazilingani. Jembe lenyewe linakwenda kombo.

Nira
Hapo kwenye punda, Mwalimu, una kipindi kizima ndani ya Kutoka 23:5. Punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo. Andiko halikudai umpende mwenye punda kwanza. BwanaMifugo, anainuliwaje?

BwanaMifugo
Usimvute mkia wala masikio, na usimpige. Legeza kamba na utoe mzigo wote, pande mbili kwa zamu, maana ukiondoa upande mmoja tu ule mwingine unampindua. Mwache apumue, mpe maji, kisha umpe nafasi mbele: punda huinuka kwa miguu ya mbele kwanza, tofauti na ng'ombe anayeanza na ya nyuma. Ukisimama mbele ya kifua chake umemzuia. Akishasimama, pitisha kiganja chini ya matandiko. Ukikuta unyevu wa usaha, manyoya yaliyonyonyoka au akishtuka ukimgusa, mzigo haurudi mgongoni siku hiyo. Na hapo ndipo neno "pamoja naye" la Kumbukumbu la Torati 22:4 linapokuwa na kazi, kwa sababu mzigo huo itabidi mbebe ninyi wawili.

Shemasi_K
Samahani kuingilia, lakini mbona hamgusi nyama? Mwanzo 1:29 chakula kilikuwa mimea. Ruhusa ya nyama inakuja Mwanzo 9:3, baada ya gharika, na papo hapo inawekewa sharti la kutokula damu.

Nira
Ni kweli, na agano la 9:9-10 limefanywa na wanyama pia. Lakini ukipeleka jambo hilo kama sheria, Warumi 14:3 itakusimamisha: alaye asimdharau asiyekula, naye asiyekula asimhukumu alaye. Wakatoliki wana kauli fupi katika Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya kanisa lao, namba 2417 na 2418: ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, ila kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1781 alihubiri kutoka Warumi 8 kwamba wanyama nao watashiriki ukombozi. Mimi nisingelifungua hilo la Wesley katika kipindi cha dakika 45, litawameza.

Mwalimu_wa_zamu
Nimeelewa, asanteni sana. Kipindi cha kwanza Ezekieli 34 na Paulo, cha pili ng'ombe na punda. Limebaki moja, maana najua litaulizwa: kuchinja. Kuna wanaosema mnyama akizimishwa fahamu kwanza damu haitoki, na Matendo 15:29 inakataza damu.

BwanaMifugo
Damu inatoka. Kifaa kinachofyatua msumari wa chuma kwenye paji la uso huharibu ubongo, ila moyo unaendelea kupiga kwa muda, na ndio unaosukuma damu nje. Mkristo hana kanuni ya ibada inayomzuia kukitumia. Kwa ng'ombe kina maana zaidi kuliko kwa kondoo, kwani ng'ombe ana mishipa inayopita ndani ya mifupa ya shingo ambayo kisu hakiifikii. Inaendelea kupeleka damu kwenye ubongo, hivyo hukawia kupoteza fahamu.

Mahali pa kulenga: chora kwa macho mistari miwili, kila mmoja kutoka jicho hadi shina la pembe ya upande wa pili. Inapokatana ndipo. Kisu kifuate ndani ya sekunde 60. Asichinjwe mbele ya wenzake, na Walawi 22:28 inakupa pa kuanzia: mama na mtoto wasichinjwe siku moja. Kabla ya kisu, hakikisha ameanguka mara moja, hapumui kwa mpangilio, kisha gusa mboni kwa kidole. Akipepesa, fyatua tena.