Mtoto wa miaka miwili halii hata akiumia, bibi anasema ni mtulivu. Tuanzie wapi?

Mlezi wa Kayenze:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaojua makuzi ya watoto wadogo.

Kwenye kituo chetu cha kulelea watoto mchana huku Kayenze, Ilemela, yupo mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minne. Ametokea kambi ya wavuvi kisiwani na sasa analelewa na bibi mzaa baba. Kule kambini alikuwa akiachwa leo kwa jirani huyu, kesho kwa yule, na ugomvi wa usiku ulikuwa jambo la kawaida. Akianguka akachubuka goti halii wala hatafuti mtu. Mtu akifoka, hata kama hamfokei yeye, anaganda: mikono kifuani, macho hayapepesi. Mgeni yeyote akiingia getini anamnyooshea mikono abebwe. Kiazi au kipande cha chapati anakificha ndani ya shati. Maneno yake hayafiki matano.

Bibi anamsifu, "Huyu mtulivu, hasumbui." Mimi utulivu huo unanitia hofu. Je, ubongo wake ndiyo umeshaharibika? Na sisi walezi watatu wenye watoto zaidi ya arobaini tuanze na lipi?

Nesi wa Kliniki:
Pole na kazi, mlezi. Kabla hamjasema ni msongo, ondoeni kwanza yanayofanana nao.

Anzeni na masikio. Mtoto akiwa ameshughulika na mchezo, simama hatua mbili nyuma yake, tikisa taratibu kopo lenye punje chache za mahindi upande wa kulia, tulia, kisha kushoto. Asiwe anakuona wala kuona kivuli chako. Asipogeuka, au akigeuka upande mmoja tu, apelekwe hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza, akapimwe. Hata akigeuka pande zote, maneno machache hivyo kwa umri huo yanatosha kuomba kipimo kamili. Kuganda mtu akifoka si ushahidi kwamba anasikia vizuri. Anaweza kusikia makelele na mazungumzo ya kawaida yakampita, hasa kama masikio yamewahi kutoa usaha.

Pili, wingi wa damu. Kwa umri wake, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Ukanda huu wa ziwa una malaria, minyoo na kichocho, na vyote hula damu. Ubongo unahitaji madini ya chuma ili kutengeneza utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, kwa hiyo mtoto mwenye upungufu hupoa, hachezi, anachelewa kujifunza. Tazameni pia kadi: mstari wa uzito, urefu, matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ya kila miezi sita.

Makuzi Kwanza:
Nakubaliana na nesi. Mimi nijibu la ubongo.

Mtoto huzaliwa na ubongo wenye kama robo ya ukubwa wa ule wa mtu mzima, na akifika miaka mitatu umeshafikia takribani asilimia 80. Katika miaka hiyo ya mwanzo miunganiko mipya ya seli za neva inatengenezwa zaidi ya milioni moja kila sekunde. Inayotumika inaimarika, isiyotumika inapogolewa. Ndiyo maana ubongo hujengeka kufuata maisha ulioyakuta. Wa huyu mtoto ulikuta vurugu, ukajifunza kujilinda. Kuganda, kuficha chakula na kumkimbilia kila mtu vilimsaidia kule kambini. Ubongo wake haujaharibika, ila bado unaishi kambini.

Kinachotokea ndani ni hivi. Amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, ikihisi hatari, taarifa inashuka hadi tezi zilizo juu ya figo na homoni za adrenalini na kotisoli zinamwagika: mapigo yanapanda, sukari inaingia kwenye damu, mwili unajiandaa. Hilo peke yake si baya. Mtoto akichomwa chanjo kotisoli hupanda, akikumbatiwa hushuka, na hapo anajifunza kwamba hofu ina mwisho. Ubaya ni pale kotisoli inapopanda wiki hadi wiki na hakuna mtu mzima wa kuishusha. Hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo ambayo husaidia kuupa mwili ishara ya kusimamisha kotisoli, nayo huzidiwa. Kwa kawaida homoni hii huwa juu asubuhi na chini usiku. Kwa watoto waliokaa sana katika hofu au upweke mpangilio huo mara nyingi hubapa, na usingizi na kinga ya mwili huyumba.

Kutolia kusiwadanganye. Kilio ni mwito, na aliyeita sana bila kuitikiwa huacha kuita. Nje anaonekana mtulivu huku moyo unakimbia.

Kama mnahofia mmechelewa: Bucharest, Romania, mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kufuatilia watoto 136 wa miezi 6 hadi 31 waliokuwa wakiishi kwenye vituo vya watoto walioachwa. Nusu walipelekwa kwa familia za malezi kwa kura. Waliohamishwa kabla ya takribani miaka miwili walipata nafuu kubwa zaidi kwenye akili na kushikamana na mlezi, lakini hata waliochelewa walinufaika. Huyu wenu amepita kidogo tu umri huo, na tayari yuko kwa bibi. Msipoteze mwezi.

Sasa kazi yenyewe. Kati yenu watatu chagueni mmoja awe wake: ndiye ampokee asubuhi, amlishe, ambadilishe nguo, amlaze mchana. Akianguka, mlezi huyo amwendee hata kama hakuitwa: "Umeumia goti. Nipo." Akiganda, msimvute wala kumtikisa. Keti chini ubavuni pake, usimkazie macho, sema kwa sauti ya chini kilichotokea ("Ni baba wa mkaa, anaita wateja"), kisha subiri. Tazama vidole, vikilegea ndipo umguse. Mgeni asimbebe, amsalimie na kumwelekeza kwa mlezi wake.

Chakula msikikague shatini. Mpeni kikopo chake chenye mfuniko, kila siku aondoke na kipande kimoja ndani, bila kukosa hata siku moja. Kuficha kutaisha kwenyewe akishaamini kwamba kesho pia kipo.

Na hapa ndipo vituo vingi vinakosea: baada ya muda ataanza kulia, kung'ang'ania mguu wa mlezi, hata kung'ata. Watu watasema ameharibika, wamchape au wambadilishie mlezi. Hiyo ndiyo dalili mliyokuwa mnaisubiri, kwa sababu sasa anaamini akiita ataitikiwa. Mkono wenye meno uondolewe kwa utulivu, "Sikubali uning'ate," na mlezi abaki palepale.

Mlezi wa Kayenze:
Asanteni sana. Bibi anahofia tutamdekeza. Halafu anatoka alfajiri kuanika dagaa. Muda wa kucheza naye ataupata wapi?

Mama Kulwa:
Kudekeza ni kumpa kila anachotaka. Kumwitikia anapoogopa ni jambo lingine kabisa, na mipaka inabaki. Fimbo na vitisho vya "nitamwita polisi" vinaiamsha amigdala ileile mnayojaribu kuituliza. Tena mtoto mwenye hofu hasikii hata kosa lenyewe ni lipi.

Muda asiutafute, autumie uleule wa kazi. Amchukue pale kwenye chanja. Mtoto akinyoosha kidole kwa korongo, bibi aangalie anakoangalia mtoto, amtajie, "Korongo!", kisha anyamaze na kuhesabu kimoyomoyo hadi tano. Mtoto akitoa sauti yoyote, bibi aongeze neno moja: "Korongo mkubwa." Watu wazima wengi tunaharibu kwenye kule kunyamaza, tunajijibu wenyewe. Na azungumze lugha yake, Kisukuma au Kikerewe, asijibane na Kiswahili. Mtoto anahitaji maneno mengi yenye joto, na bibi anayo katika lugha aliyoizoea.

Vya kuchezea ni vifuniko vya chupa vikubwa kuliko mdomo wake, makopo ya kuingiliana, dagaa wakubwa kwa wadogo wa kupanga. Kingston, Jamaica, mwaka 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa waliandikishwa kwenye utafiti. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa jamii saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, wakitumia vifaa vya kujitengenezea kama hivyo. Miaka 20 baadaye kipato chao kilizidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakuchezeshwa hivyo.

Jioni iwe na mpangilio mmoja usiobadilika: kuoga, uji, wimbo uleule, kitandani. Umri huo alale saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na za mchana. Uji utiwe kijiko cha chakula cha unga wa dagaa waliokauka juu ya chanja, kwani walioanikwa mchangani hubaki na mchanga hata ukiwaosha.

Mlezi wa Kayenze:
Nimeelewa. La mwisho: baba yake huja kipindi cha mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, na ndipo nyumba inapochangamka kwa watu na pombe.

Makuzi Kwanza:
Vizuri kwamba mbalamwezi inajulikana mapema, mnaweza kujiandaa. Siku mbili kabla, bibi aanze kumwambia mtoto kila jioni kwamba baba anakuja. Baba akifika asimnyakue. Aketi chini mlangoni, aweke kitu cha kuchezea kati yao, amwache mtoto aje mwenyewe, na bibi awe anaonekana muda wote. Kulala abaki na bibi, na mpangilio wa jioni usivunjwe kwa ajili ya wageni.

Ongeeni na baba akiwa hajanywa, na mumweleze alichokifanya mtoto vizuri wiki hiyo kabla ya kumweleza masharti. Pombe inywewe kwingine, na akirudi amelewa alale chumba kingine au kwa ndugu. Akimpiga mtoto au bibi, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata siku hiyohiyo, au pigeni 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Na siku hizo mlezi wake kituoni asichukue likizo.