Naombeni ushauri: sundubu ya nyumbani, kwanini haitoki nyekundu kama ya mgahawani?

Mtoto_wa_Tanga:
Wakuu habari zenu. Niko Busan, Korea Kusini, kimasomo na baridi imeshaanza, sasa kuna hii sundubu jjigae, ile supu ya tofu laini (maziwa ya soya yaliyogandishwa) inaletwa mezani bado inatokota kwenye chungu, juu mafuta mekundu yanaelea. Mgahawani nakula hadi jasho linatoka. Nikipika geto inakuwa maji maji, rangi imepauka, na pilipili iko peke yake supu iko peke yake. Mapishi mengine wanasema weka gochujang (pilipili ya kuchachusha, nzito kama uji), mengine pilipili ya unga tu. Nguruwe sili, nataka ya kome. Mwenye ujuzi anielekeze tafadhali.

kijiko_kirefu:
Mdogo wangu gochujang achana nayo hapa, inaleta utamu na uzito, supu inakuwa kama rojo. Tumia gochugaru, pilipili ya unga ya Kikorea. Na siri yote iko mwanzoni kabisa kabla hujagusa maji: sufuria kwenye moto MDOGO, mafuta ya kupikia vijiko viwili na ya ufuta kidogo, vitunguu maji na vitunguu saumu vilivyokatwa vidogo, vikilainika weka gochugaru vijiko viwili vya chakula, koroga tu hadi mafuta yawe mekundu, ni kama nusu dakika hivi, maana ikiungua inakuwa chungu na hapo hakuna dawa, unaanza upya. Rangi ya pilipili inatoka kwenye mafuta, haitoki kwenye maji, ndo maana ukitupia kwenye supu inayochemka inabaki imepauka hivyo.
La pili, ile tofu laini ya kwenye paketi ya mviringo kama bomba ina maji mengi sana ndani yake. Kwa paketi moja ya kama gramu 350 supu isizidi kikombe kimoja, kimoja na nusu mwisho. Tofu ikishaingia usiikoroge, ikate vipande vikubwa kwa kijiko uiache.

Mtoto_wa_Tanga:
Aisee kumbe! Mi naweka maji nusu sufuria. Na hiyo supu yenyewe naichemsha na nini?

kijiko_kirefu:
Myeolchi, dagaa wakavu wakubwa. Toa kichwa na utumbo (uchungu unakaa humo), wakaange bila mafuta dakika moja shombo ipungue, halafu maji na kipande cha dashima, ule mwani mkavu wa Kikorea. Yakianza kuchemka dashima itoe, dagaa waache dakika kumi hivi, chuja. Kome waloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, sehemu yenye giza, wateme mchanga. Chumvi onja mwishoni, kome wana yao tayari.

DadaZuu:
Mimi niko Los Angeles, hii supu huku ni kubwa mno, migahawa ya BCD Tofu House ilianzia Koreatown, mtaa wa Wakorea hapa, mwaka 1996, mama mmoja anaitwa Hee Sook Lee ndo aliianzisha. Unachagua ukali mwenyewe, na yai wanakuletea bichi unavunjia kwenye chungu kikiwa bado kinachemka. Kitu ninachokipenda zaidi ni wali wa chungu cha jiwe, ukishapakua unamimina maji ya moto kwenye ukoko, unamaliza nao mlo. Yaani usile sundubu bila wali jamani, ni nusu chakula hiyo.

Bint_Unguja:
Samahani nachomekea swali, mimi niko huku Unguja sina hizo paketi. Dagaa mchele wanafaa?

kijiko_kirefu:
Wanafaa kabisa dada, dagaa mchele ni ndugu wa hao hao myeolchi, na huko kwenu pia wanachemshwa na chumvi ndo wanaanikwa. Hao wadogo huna haja ya kutoa utumbo, ila waoshe chumvi. Mwani wa huko usiutumie badala ya dashima, unatoa uteute. Tofu tengeneza mwenyewe: soya loweka usiku kucha, saga, chuja, chemsha vizuri, epua, tia ndimu kidogo kidogo hadi igande mabonge mabonge. Usiikamue wala kuikandamiza, hapo hapo ndo sundubu, yaani tofu laini yenyewe. Huku Korea, mji wa Gangneung, kijiji cha Chodang, wanagandisha kwa maji ya bahari na ni tofu tamu hiyo acha kabisa. Pilipili zetu ni kali kuliko gochugaru, kwa hiyo changanya paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) nyingi na pilipili kidogo, usiweke vijiko viwili vya pilipili kichaa utalia.

Bint_Unguja:
Ahsante sana, Mungu akubariki. Chungu cha udongo ninacho, napikia mchuzi wa samaki.

Mtoto_wa_Tanga:
Shukrani wakuu, kesho naenda sokoni kutafuta kome. La mwisho, nimenunua ttukbaegi, kile chungu cha udongo cha Kikorea, naiosha na sabuni kawaida?

kijiko_kirefu:
Hapana, udongo unanyonya sabuni kisha unaitema kwenye supu. Maji ya moto na unga kidogo wa ngano, sugua, suuza, kiache kikauke kabisa. Na usikiweke kwenye moto mkubwa ghafla kikiwa cha baridi, kitapasuka.