MREJESHO: Ile "e" isiyotamkwa, tumefika hapa

Walimu wenzangu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje ili watoto wa miaka 6, katika darasa letu la Kikristo, waache kusoma neno la Kiingereza "hope" kama "hop", yaani wasiisahau ile "e" ya mwisho, isiyotamkwa lakini inayobadilisha irabu iliyo kabla yake. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kadi ya kukunja. Unaandika "rob", na "e" unaificha kwenye ncha iliyokunjwa nyuma. Ukikunjua, "rob" inageuka "robe" na ile "o" inataja jina lake, yaani inasomwa "ou" kama herufi yenyewe inavyoitwa kwa Kiingereza. Nilianza na hiyo "robe", lile vazi la Yusufu wa kwenye Biblia, basi kadi hawakutaka kuiachia! Baada ya hapo wiki nzima tulibaki na "a" peke yake, "cap" na "cape", "mad" na "made", ndipo tukarudi kwenye irabu nyingine. Hapo ndipo niliona mabadiliko.

Kilichogoma ni kile kisa nilichowasimulia watoto, cha "e" mnyenyekevu anayesaidia wenzake kimyakimya. Kisa kizuri, ila mtoto mmoja akaanza kubandika "e" kila mahali: "doge", "sune". Nikamuuliza kwa nini. "Nazisaidia, mwalimu." Nimekiweka kando kwanza.

Halafu "love", "give" na "come", maneno tunayoimba kila asubuhi, hayafuati kanuni hii: yana "e" mwishoni, lakini irabu haitaji jina lake. Aliyesema niyabandike ukutani yakaririwe alikuwa sahihi. Kuhusu mawili ya kwanza niliwaambia tu kwamba Kiingereza hakipendi neno liishie na "v", wakaridhika. Ila "come" bado wanne wanaisoma kwa mlio wa "home". Naendelea nao.