Naomba ushauri: staring mbaya asiyejulikana anaweza kubeba muvi peke yake?

Nyalenda_B
Wadau hamjambo. Nimekwama na usingizi umenihama, nisaidieni bila matusi. Niko Kisumu. Nina mradi wa muvi ya dakika kama sabini, inatoka kwenye vibonzo. Staring wake si mtu mzuri. Anaitwa Ondiek. Mchana ni fundi wa pikipiki Kondele, usiku anavunja ofisi za wakopeshaji wa riba za kunyonga na kuchoma vitabu vya madeni. Pesa anazozikuta humo anaweka mfukoni, hagawii maskini hata senti. Waliosoma vile vibonzo enzi hizo wanampenda vibaya, ila nje ya shule mbili tatu za huku hakuna anayemjua. Je, mtu wa aina hiyo anaweza kusimama kwenye muvi yake mwenyewe, au kwanza nimpitishe kidogo kwenye hadithi ya mwingine? Naomba wanaojua sinema wajibu.

FundiProjekta
Omera, mimi nimeonyesha video Manyatta tangu enzi za kaseti. Watu wanaangalia sura na kipigo, mambo ya ametoka kitabu gani hawaulizi. Blade ya 1998, nani ukumbini alijua jamaa alikuwa kwenye vibonzo tangu 1973? Mimi nilidhani Wesley Snipes ameamua tu kumaliza wanyonya damu. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 45 ikaingiza kama 131, na kumbuka Marvel wenyewe, kampuni ya vibonzo hivyo, walikuwa wameenda kortini kwa kufilisika mwaka wa 1996. The Mask ya 1994 ni hivyo hivyo. Watu wanakumbuka Jim Carrey na suti ya njano. Vibonzo vyake vya kampuni ya Dark Horse vina damu nyingi sana, huwezi kumpa mtoto. Anaweza kubeba. Tafuta mtu mwenye sura.

MamaWili58
Mimi naandika kama mzazi, niko Nakuru, Section 58. Kwani lazima staring awe mwizi? Kijana wangu alitazama Joker, wiki nzima ukimtuma dukani anakujibu kwa kicheko. Mchoreni basi daktari, au mwalimu.

Omwami_wa_Lurambi
Mulembe. Mama, mwalimu hawezi kujaza ukumbi, hata mimi mwalimu nakubali hilo.

Sasa Nyalenda, Fundi amekupa walioshinda tu. Jonah Hex ya 2010 ilikula dola milioni 47 ikarudisha chini ya 11. Kraven the Hunter ya 2024 iligharimu zaidi ya milioni 100 na dunia nzima ikachanga kama 62. Morbius ya 2022 ndiyo kichekesho: vijana wa intaneti waliifanyia mzaha mpaka studio ikadhani ni mapenzi, ikairudisha kwenye majumba mwezi wa Juni, ikaanguka mara ya pili. Halafu Venom, kutoka nyumba hiyo hiyo ya Sony, mwaka wa 2018 ilipita milioni 850.

Kwa nini? Watu watakwambia ni kujulikana, mimi nakataa. Kraven kwenye vibonzo ana wazimu mmoja, kumwinda Spider-Man. Kwenye muvi Spider-Man hayupo, kwa hivyo wakamgeuza mtu anayepigania wanyama na kuchukia majangili. Wamemwosha mpaka rangi imetoka. Venom naye, dude linaloishi ndani ya mwili wa mtu, aliachwa na ulafi wake: anabishana na mwenye mwili kuhusu vichwa vya kula, anaingia mkahawani, anakaa ndani ya tangi la kamba wa baharini. Hata bila Spider-Man ana mtu wa kugombana naye, tena ndani ya ngozi moja. Huyo Ondiek wako ana wakopeshaji na ana tamaa yake. Usimfanye agawe zile pesa. Siku atakapozigawa amekwisha.

BabuLanet
Vijana mnanikumbusha ukumbi mmoja wa Bondeni, tulikuwa tukilipa shilingi tano, viti ni mbao za msonobari. Stima ikapotea dakika kumi kabla ya mwisho. Mwenye ukumbi alivyojua tutadai pesa, akapanda juu ya kreti ya soda akatumalizia hadithi kwa mdomo, na ngumi akatupa. Mpaka leo sijaona mwisho wa kweli, na ninavyoamini wake ulikuwa mzuri zaidi.

WakiliMtoro
Nyalenda, nimesoma posti yako mara mbili. Umeandika "vile vibonzo", "enzi hizo", "waliosoma". Hakuna mahali umeandika vibonzo vyangu. Nani alivichora?

Nyalenda_B
Asante Omwami, hiyo ya kuoshwa nimeipenda. Wakili, tulikuwa wawili. Lakini swali langu lilikuwa la sinema.

WakiliMtoro
Wawili, sawa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?

Nyalenda_B
Haya. Alichora mwenzangu wa dawati, kidato cha pili mpaka cha nne. Alitumia Bic nyeusi kwenye madaftari ya hesabu, miraba yenyewe ikawa madirisha ya majengo. Mvua aliitengeneza kwa mswaki: anauchovya kwenye wino, anauvuta kwa kidole, nukta zinaruka ukurasa mzima. Siku hizi yuko Doha. Nilimtumia ujumbe mrefu, tiki mbili za buluu, hajajibu.

Lakini msinihukumu haraka. Hadithi zilikuwa zangu. Mimi ndiye nilimsimulia kuhusu mjomba aliyenyang'anywa pikipiki kwa deni la elfu tano, yeye akachora. Na mambo yameshaanza kwenda. Nimeweka amana ya kamera, tumerekodi usiku chini ya daraja la Kondele, na kipande cha dakika moja nimekirusha mtandaoni. Si hata Deadpool ilikuwa imekwama mpaka kipande cha majaribio kikavuja 2014, ndipo studio ikakubali? Ikatoka 2016 kwa dola milioni 58 tu, ikaingiza zaidi ya 780. Ningengoja ruhusa ningezeeka.

Omwami_wa_Lurambi
Na bango?

Nyalenda_B
Limechapishwa. Limeandikwa hadithi na mhusika ni mimi. Nafasi ilikuwa ndogo.

WakiliMtoro
Nafasi ilikuwa ndogo! Sikiliza ndugu yangu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mchoro ni wa aliyeuchora, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi na sahihi. Hadithi mliyopiga dawatini haina maandishi. Wewe una madai ya kusema mlitunga pamoja, sikatai, lakini hata mwenye nusu hauzi nyumba nzima.

Na kama unapenda mifano ya Marekani, ongeza hii. Ghost Rider ilipotoka 2007, Gary Friedrich aliyeandika hadithi za kwanza za yule jamaa wa fuvu la moto aliwashtaki Marvel. Alishindwa 2011, akakata rufaa, 2013 mahakama ya rufaa ikairudisha kesi, wakaelewana. Marv Wolfman, mwandishi aliyemtunga Blade, naye aliwashtaki akapoteza. Hao walibishania mikataba. Wewe una mswaki.

SisterKakamega
Mimi nauliza tu, mamake huyo kijana wa Doha anakaa wapi? Huku kwetu jambo kama hili halifiki kwa mawakili. Unabeba sukari na majani unaenda kumsalimia mama, unaeleza, yeye anapiga simu. Shemeji yangu walimtumia wimbo wake kwenye kampeni bila kumwambia, alizunguka ofisi mwaka mzima. Mama mkwe alienda mara moja tu, akarudi na pesa na blanketi.

KijanaWaKibuye
Ngojeni kwanza. Nauza viatu Kibuye na napita chini ya hilo daraja kila usiku. Kamera sijaona, taa sijaona, na Kondele ukiwasha taa moja kubwa watu mia watasimama. Halafu someni tena. Mtu wa muvi hataji aina ya kalamu, miraba ya daftari, na wino unavyovutwa kwa kidole. Haya ni macho ya mchoraji. Mimi nasema huyu ndiye wa Doha. Ameona kipande mtandaoni, amekasirika, amekuja hapa amevaa koti la mwizi wake ili tumhukumu mwizi kwa niaba yake.

Omwami_wa_Lurambi
Eh! Na tulivyomhukumu.

MamaWili58
Kama ni wewe wa Doha, mwanangu, pole. Rudi nyumbani uchore mwalimu.

BabuLanet
Sasa mwizi ni nani hapa? Mimi nimepotea.

Nyalenda_B
Jamani mimi si mchoraji. Naujua mswaki kwa sababu ulikuwa WANGU. Aliuchukua bwenini bila kuniuliza, nikasugulia meno asubuhi, nikaenda paredi mdomo mweusi. Na tulirekodi Jumapili saa nane usiku kwa simu mbili na taa ya pikipiki. Kamera yenyewe ni ya wiki ijayo. Picha za siku hiyo siweki hapa, mtaiba.

WakiliMtoro
Unaogopa kuibiwa.

KijanaWaKibuye
Bado siamini. Piga picha ya bango na gazeti la leo.

SisterKakamega
Kila mtu ameacha swali langu. Mama anakaa wapi?

Nyalenda_B
Ahero. Ananijua.

SisterKakamega
Basi Ahero na Kisumu ni nauli ya matatu moja. Kilo mbili, usipeleke moja.

BabuLanet
Niambieni jambo moja tu kabla sijalala. Huyu Ondiek mwishoni anakufa?

Nyalenda_B
Kwenye daftari la mwisho alikufa. Kwenye muvi hafi, nataka sehemu ya pili.

WakiliMtoro
Na mwenzako anajua umembadilishia mwisho?

Nyalenda_B
Ndiyo ujumbe aliosoma akanyamaza.

FundiProjekta
Staring afe, Manyatta? Wangenivunjia viti. Hapo pekee niko na wewe, Nyalenda. Kwa mengine yote niko na wa Doha.