Maadili: yawe somo lenye mtihani, au yabaki kazi ya kila mwalimu?

Mleta mada

Wadau, hoja ni hii. Kila zinapoibuka habari za wizi wa mitihani au uonevu mabwenini, linarudi pendekezo lilelile: maadili yawe somo la lazima, lenye kitabu, kipindi na mtihani wa mwisho. Wanaounga mkono wanasema kisichotahiniwa hakifundishwi. Aliyewahi kushika chaki anajua wanachosema: muhula ukibana, kipindi kisicho na mtihani ndicho cha kwanza kugeuzwa hesabu. Wanaopinga wanasema maadili hayapimwi kwa karatasi na kila mwalimu ayabebe ndani ya somo lake.

Mimi nipo upande wa kwanza, ila nataka hoja zenye nyama. Na tusianze na "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Tunaijua wote, na haijawahi kupanga ratiba ya shule yoyote.

Kalamu Nyekundu

Napinga mtihani, tena kwa sababu za kiufundi kabisa. Chukua swali la kawaida: "Umeokota pochi uwanjani. Utafanya nini?" A, utaificha. B, utagawana na rafiki. C, utaipeleka kwa mwalimu. D, utaitupa. Mwizi na mwaminifu wote watachagua C. Swali ambalo darasa zima linapata halitenganishi mtu na mtu, kwa hiyo kwenye uchambuzi wa maswali linatupwa. Mtunzi akitaka litenganishe, inabidi arudi kwenye kukariri: "taja sifa tano za kiongozi bora". Hapo anapima kumbukumbu, na mwenye kumbukumbu nzuri anaondoka na A ya uadilifu.

Hili limechunguzwa zamani. Miaka ya 1920 huko Marekani, watafiti Hartshorne na May waliwapima watoto zaidi ya 10,000. Waliwatengenezea nafasi za kudanganya kwenye mitihani, michezoni na kwenye kazi za nyumbani, bila wao kujua kwamba wanaangaliwa. Matokeo yalichapishwa kati ya 1928 na 1930: kuzijua kanuni hakukusaidia sana kutabiri nani angedanganya, na aliyekuwa mwaminifu kwenye mtihani hakuwa lazima mwaminifu kwenye mchezo. Mazingira ya tukio yalikuwa na nguvu kuliko tulivyopenda kuamini.

Zamu ya Asubuhi

Naunga mkono hoja ya Kalamu. Niongeze kwamba shule inafundisha maadili kutwa nzima, mtihani uwepo usiwepo. Tazameni ile orodha ya wapiga kelele. Mwalimu anatoka, kiranja anabaki na karatasi, anaandika majina na kuongeza alama ya x kwa kila kosa. Mwalimu akirudi anaadhibu kwa kufuata karatasi, bila kuuliza. Kwa mpango huo kiranja ameshafundishwa kwamba jina linafutika kwa kipande cha andazi, na waliobaki wamefundishwa kwamba haki ni kujuana na mwenye kalamu. Hakuna kipindi cha dakika 40 kitakachofuta somo hilo linalorudiwa kila siku.

Marekebisho yake hayana gharama. Zamu ya ukiranja ibadilike kila wiki mbili, kiranja asiwe na mamlaka ya kupendekeza adhabu, na aliyetajwa asikilizwe kabla ya lolote.

Mfano wa pili, vitendo vya fizikia. Wanafunzi wanatafuta mvutano wa dunia kwa uzi na gololi. Wote wanajua jibu linalotakiwa ni karibu 9.8. Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama nyingi kwa atakayelikaribia, basi wanapika data: wanaanza na jibu, wanarudi nyuma kujaza jedwali, na pointi zote zinakaa kwenye mstari kama zimepigwa rula. Mwalimu anajua, anatia tiki. Ukitaka kufundisha ukweli hapo, badili mgawo wa alama. Katika alama 10, weka 4 kwa vipimo ghafi vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino papo hapo, 4 kwa kueleza kwa nini jibu limetofautiana, na 2 tu kwa ukaribu. Upishi unapungua kwa sababu haulipi tena.

Mleta mada

Zamu, mifano yako imenigusa, lakini hujajibu tatizo langu. Tukisema "kila mwalimu", nani anaulizwa mambo yakiharibika? Andalio la somo litakuwa na safu ya "maadili yaliyozingatiwa", mwalimu ataandika "ushirikiano, uaminifu", na mkaguzi atapiga mhuri. Neno "ushirikiano" litajazwa Januari hadi Novemba bila mtu kushirikiana na mtu. Kazi ya wote haina mwenyewe.

Mkaguzi Mstaafu

Hapo mleta mada yuko sahihi. Ile safu inajazwa kwa kunakili, na dawa yake ni kipindi. Ila kipindi si lazima kizae mtihani.

Japani ina mfano wa kutazama. Tangu 1958 shule zao zilikuwa na saa ya maadili kila wiki, lakini haikuhesabika kuwa somo kamili, na ikawa inaliwa na masomo mengine kama alivyosema mleta mada. Mwaka 2018 kwenye shule za msingi, na 2019 kwenye sekondari za chini, ikafanywa somo rasmi lenye vitabu vilivyokaguliwa, vipindi takriban 35 kwa mwaka. Alama za namba hakuna. Mwalimu anaandika sentensi kuhusu jinsi mwanafunzi anavyofikiri na kukua, na maelezo hayo hayatumiki kuchuja wanaoingia sekondari ya juu. Si kwamba wote wameridhika. Wapo wanaolalamika kwamba serikali sasa ndiyo inayoamua mtoto apende nini, na lalamiko hilo lina uzito.

Sasa kipindi chenyewe. Kinachokiua ni hotuba. Darasa la wanafunzi 50 kwa dakika 40 ni sekunde 48 kwa kila mmoja, tena mwalimu akinyamaza kabisa. Kwa hiyo makundi hayakwepeki. Mpango unaobeba ni huu: dakika 5 kusoma kisa, 3 za kimya ambapo kila mtu anaandika uamuzi wake na sababu moja, 12 kwenye makundi ya watano, 15 darasa zima, na 5 za mwisho kila mtu anarudi kwenye karatasi yake aandike kama amebadili sababu. Zile dakika 3 za kimya watu huzikata kwanza, na ni kosa. Bila hizo, wanyonge wa kundi wanaiga msemaji.

Kisa kiwe na maadili mawili yanayogongana. "Je, kuiba ni vibaya?" haijadiliki. Jaribu hiki: mwenzenu wa kundi hakufanya kazi kwa sababu alikuwa anamuuguza mama yake, na mwalimu anataka majina ya waliofanya tu. Mtaliandika jina lake? Ukweli unavuta huku, huruma kule, na usawa kwa wengine unaingia katikati. Mwalimu asiseme msimamo wake kabla ya dakika ya 35, maana akiusema mapema wote wanahamia kwake. Asiombe pia watoto watoe mifano ya makosa ya nyumbani kwao, kwani zinatoka siri ambazo hakujiandaa kuzibeba.

Mzazi Msomaji

Mkaguzi, yote hayo ni mazuri, lakini mtoto anayetukana walimu hatabadilishwa na kisa cha kundi. Zamani kulikuwa na fimbo na heshima ilikuwepo. Na maadili si kazi ya nyumbani na ya dini?

Nasaha

Mzazi mwenzangu, nianze na fimbo. Mwaka 2016 watafiti Gershoff na Grogan-Kaylor walikusanya tafiti kuhusu watoto wanaochapwa na wazazi, jumla ya watoto kama 160,000. Kuchapwa kuliendana na ukorofi zaidi na uhusiano mbaya zaidi na mzazi. Mtu anaweza kusema wakorofi ndio huchapwa zaidi, na ni pingamizi halali. Hata hivyo, anayedai fimbo inajenga tabia ndiye mwenye kazi ya kuonyesha ushahidi. Fimbo huzuia kosa mbele ya mwenye fimbo.

Aliyetukana au kuharibu mali ya mwenzake anashughulikiwa hivi. Ongea na kila upande peke yake siku hiyohiyo. Maswali ni manne: nini kilitokea, ulikuwa unawaza nini, nani ameumia na vipi, nini kifanyike kurekebisha. Fidia iandikwe na tarehe yake: kikokotoo kilichovunjwa kitalipwaje, na lini. Baada ya wiki moja waite tena uone kama imetekelezwa. Shule nyingi zinaishia hatua ya tatu, na bila ufuatiliaji mtoto anajifunza kwamba maneno matamu yanatosha.

Yapo mawili yanayoharibu. La kwanza ni kumlazimisha mtoto aombe radhi mstarini mbele ya shule nzima: anaomba huku anapanga kisasi. La pili ni hatari zaidi, kuwakalisha pamoja mwonevu na anayeonewa "wayamalize". Ugomvi wa walio sawa unasuluhishwa, uonevu hapana, kwa sababu mmoja ana nguvu na mwingine atakubali lolote ili atoke kwenye chumba hicho. Aliyeonewa alindwe kwanza, na mwonevu ashughulikiwe peke yake.

Nyumbani na dini zina nafasi yake, sibishi. Ila darasa moja lina watoto wa imani tofauti na wasio na dini, na wote wanakaa chumba kimoja saa saba kwa siku. Kanuni za kuishi ndani ya chumba hicho lazima mtu azifundishe, na mzazi hayupo pale.

Kalamu Nyekundu

Nikubaliane na Mkaguzi kwenye kipindi, nikiweka breki moja. Programu si dawa kwa jina lake. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilichapisha tathmini ya programu saba za malezi ya tabia kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Kwa wastani hazikubadili tabia wala ufaulu. Mwaka uliofuata Durlak na wenzake walijumlisha programu 213 za stadi za kijamii na kihisia, wanafunzi zaidi ya 270,000, wakakuta manufaa ya kweli. Yalikuwa makubwa zaidi pale hatua zilipofuatana, watoto wakatenda badala ya kusikiliza, muda ukatengwa na lengo likatajwa wazi. Pale utekelezaji ulipolegea, manufaa yalipungua.

Mtihani nauruhusu kwa sehemu moja tu: maarifa. Haki za mtoto, taratibu za kutoa taarifa za uonevu, sheria za barabarani. Hayo yana jibu sahihi. Tabia isitiwe alama.

Mleta mada

Mmenisogeza, si hadi mwisho. Kipindi bila alama, sawa. Lakini haya maelezo ya sentensi mwalimu mwenye wanafunzi 60 atayaandika saa ngapi? Nawaona wakinakili "ana nidhamu nzuri" mara 60.

Mkaguzi Mstaafu

Watanakili wakiyaacha hadi wiki ya ripoti. Yagawanywe. Muhula wa wiki 12, toa ya kwanza na ya mitihani, zinabaki 10. Wanafunzi sita kwa wiki. Jumatatu mwalimu anaandika majina sita nyuma ya daftari la mahudhurio, kwa wiki hiyo anawaangalia hao zaidi, Ijumaa anaandika sentensi mbili kwa kila mmoja. Sentensi ya kwanza iwe tendo lililoonekana, ya pili iwe hatua inayofuata. "Ana nidhamu nzuri" hairuhusiwi. "Alikiri mbele ya kundi kwamba vipimo vyake vilikosewa na akarudia, sasa ajizoeze kusikiliza pingamizi bila kukatiza" inaruhusiwa.

Zamu ya Asubuhi

Na mzazi aisome kabla ya kufunga shule, na mtoto pia, awe na haki ya kuandika chini yake kama hakubaliani. Tukimnyima hiyo tumerudi kwenye karatasi ya kiranja.