Nauziwa seti ya daiving ya mtumba, nichukue au nitapigwa?

MtotoWaNungwi:
Wadau habari za jioni. Nipo Nungwi najifunza udaivumasta (kuongoza watu wanaopiga mbizi) na nimechoka kuazima vifaa vya kazini. Sasa kuna instrakta mmoja mzungu anarudi kwao wiki ijayo anauza seti yake, regulata (ya kupumulia) na oktopasi (ya akiba), BCD (koti la kuelea), kompyuta ya daiving, mapezi na mtungi mmoja wa alumini, yote milioni moja na laki mbili. Anasema ni nzima kabisa ila imekaa stoo miaka miwili. Kwa pesa hiyo hata regulata mpya nzuri sipati. Mnasemaje?

PweaPwea:
Chukua haraka kabla hajatokea mwingine. Hawa wakiwa na tiketi mkononi wanauza bei ya kutupa.

Fundi_Spana:
Taratibu jamani. Miaka miwili stoo siyo sifa, hasa huku kwetu na hili joto na chumvi. Oringi zinakauka, na kama hakuisuuza vizuri basi chumvi iliyobaki ndani inakuwa ngumu inakula vali taratibu. Mimi kazi yangu ni hizo regulata kwahiyo nikwambie unachoweza kuangalia mwenyewe.

Toa kifuniko cha steji ya kwanza pale inapokaa kwenye mtungi, mulika na tochi ya simu uone kile kichujio kidogo. Kinatakiwa king'ae rangi ya madini. Kikiwa cha kijani maji ya bahari yameshaingia, kikiwa na unga wekundu ujue imetumika na mtungi wa chuma wenye kutu. Halafu funika tena, weka kile cha kupumulia mdomoni uvute. Usipate hewa hata kidogo. Ukiipata kuna kiwambo au vali ya kutolea hewa imechanika, na pale inapopita hewa huko chini ndo utakunywa maji. Mwisho ifunge kwenye mtungi uliojaa, fungua, usiiguse kama dakika kumi. Ikianza kuzomea pole pole yenyewe, steji ya kwanza inashindwa kushikilia presha, inatakiwa ishushe kutoka baa 200 mpaka kama 9 au 10 hivi na ibaki hapo hapo.

Hosi nazo vuta yale mapira ya kukinga uone chini yake, nyufa zinajificha hapo. Zile za kusukwa za nailoni mimi za mtumba sizitaki kabisa, kuna zinazotengeneza chembechembe za njano kwa ndani zinaziba hewa na kwa nje zinameremeta kama mpya.

bint_Mkoani:
Kuongezea hapo kwa fundi, BCD ijaze mpaka ivuje kwenye vali ya usalama halafu iache usiku kucha. Ile batani ya kujazia ibonyeze mara nyingi, ikinata unaweza ukapandishwa juu kama boya huku hujajipanga, na mapafu hayo ni yako. Kompyuta muulize betri inabadilishwa wapi na umwambie akuonyeshe logi ya mbizi zake.

PweaPwea:
Sasa kwa mtungi tatizo liko wapi, si bomba la alumini tu?

Fundi_Spana:
Shekhe, hilo bomba likijaa lina lita elfu mbili na zaidi za hewa kwenye ujazo wa ndoo moja ndogo. Soma mihuri begani pale. Mitungi ya kampuni ya Luxfer ya Marekani ya kabla ya katikati ya 1988 ilikuwa aloi ya 6351, hiyo inaota nyufa shingoni kwenye nyuzi, baadae wakahamia 6061. Tafuta na tarehe ya mwisho ya kupimwa presha kwa maji, sehemu nyingi ni kila miaka mitano. Ikipita, hakuna senta ya maana itakujazia. Na koki kama ilishabadilishwa uliza kama nyuzi zinaendana, kuna za M25 (milimita) na kuna za robo tatu ya inchi, ukichanganya inaingia vizuri tu halafu siku ya kujaza inaruka.

MtotoWaNungwi:
Asanteni sana. Nimetoka kwake saa hizi. Kichujio ni cha kijani, muhuri wa mwisho kwenye mtungi ni 2011. Nikamuuliza risiti ya sevisi akaanza kunishushia bei mpaka laki nane 😅

Fundi_Spana:
Mwachie mtungi wake. Regulata usiitolee bei yoyote kabla hujaulizia kama kiti (kile kipande cha ndani kinachoziba hewa) cha spea cha modeli hiyo bado kinapatikana, kuna za zamani hazina spea tena na hapo hata nikiifungua sina cha kuweka. Kikiwepo, pesa ya kiti na ya fundi toa kwenye hizo laki nane.

bint_Mkoani:
Akitaka kugawanya mimi nachukua mapezi, ni saizi gani?